Mizani Kwanza, Hadithi Baadaye: Kuifundisha Njia ya Oregon

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tuliwahi kuketi nyuma ya darasa la sita, mwalimu mwanafunzi akifundisha juu ya watu waliohama kutoka mashariki ya Marekani kwenda magharibi katika karne ya 19. Alikuwa amejiandaa vema. Picha yake ilichorwa kwa rangi: gari la mbao lenye turubai jeupe, maksai wanne, milima kwa mbali, na familia moja ikitembea kwa miguu kando ya gari. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, kwa nini hawakupanda gari lao?" Mwalimu akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba watu wale walikuwa wakakamavu, hawakupenda uvivu. Darasa likaridhika, mtoto akaketi, somo likaendelea.

Hatusimulii haya ili kumcheka mwalimu yule. Jibu lake ndilo ambalo wengi wetu tungelitoa, maana ndilo tulilofunzwa na vitabu na sinema. Hata hivyo swali la mtoto lilikuwa swali la uzito na vipimo, nalo likajibiwa kwa sifa. Mtoto aliomba mizani, akapewa shujaa. Rai yetu katika makala haya ni kwamba kosa hili dogo ndilo mlango wa makosa makubwa zaidi katika ufundishaji wa historia, na kwamba mwalimu anayeanza na vipimo vya safari, yaani mzigo, mwendo, majira na majani, atawafikisha watoto kwenye ukweli ambao hadithi ya ushujaa huuficha.

Kwa nini njia ya mbali?

Yumkini mwanachuo atauliza: watoto wetu wana haja gani na njia ya magari ya maksai iliyo ng'ambo ya bahari? Jibu letu ni kwamba watoto wamekwisha kufundishwa mada hii kabla ya kuingia darasani. Filamu za kauboi zimewafundisha. Wanayajua magari yaliyopangwa duara, wanaijua mishale inayoruka, na wanajua nani wa kushangilia na nani wa kuzomea. Kwa hiyo mwalimu hapandi mbegu katika shamba jipya. Analima shamba lililokwisha kuota magugu. Asipolima, magugu hayo yatamea, na mtoto atakua akiamini kwamba ziko nchi tupu duniani zinazomngoja yeyote mwenye gari na bunduki.

Inafaa kwanza tueleze njia yenyewe kwa ufupi. Ilianzia miji ya ukingoni mwa mto Missouri, hasa Independence, ikafuata mto Platte katika nyanda za majani, ikapita ngome ya Fort Laramie, ikaivuka milima ya Rocky katika kipito cha South Pass chenye kimo cha mita 2,260 hivi, ikashuka na mto Snake hadi mto Columbia, na kuishia katika bonde la Willamette huko Oregon. Urefu wake ulikuwa kilometa 3,200 hivi. Matawi yake yalielekea California na bonde la Ziwa la Chumvi. Kundi kubwa la kwanza, watu wapatao 1,000, lilisafiri mwaka 1843. Baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848 wasafiri waliongezeka mno. Mwaka 1852 peke yake walipita zaidi ya 50,000. Reli ya kuvuka nchi ilipokamilika mwaka 1869, watu waliokuwa wamepita njia hizo kwa magari walikisiwa kuzidi 300,000.

Jambo moja lisisahauliwe hapa mwanzoni. Njia hiyo haikubuniwa na wenye magari. Mwaka 1824 wawinda manyoya walioongozwa na Jedediah Smith walielekezwa kipito cha South Pass na watu wa kabila la Crow, walioijua nchi hiyo kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Gari lilifuata nyayo za wawinda manyoya, nao walifuata nyayo za wenyeji. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba njia "iligunduliwa", mtoto ana haki ya kuuliza: kwa nani ilikuwa imepotea?

Mizani ya mzigo

Sasa turudi kwenye swali la mtoto wetu. Mwaka 1845 mtu mmoja aitwaye Lansford Hastings alichapa kitabu cha kuwaongoza wahamaji. Humo alimshauri kila msafiri achukue ratili 200 za unga, ratili 150 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa, ratili 10 za kahawa, ratili 20 za sukari na ratili 10 za chumvi. Kwa vipimo vyetu ni kilo 90, 68, 4.5, 9 na 4.5. Waacheni watoto wajumlishe wenyewe. Watapata kilo 176. Familia yenye watu wazima watano itahitaji kilo 880 za chakula tu.

Kisha waelezeni gari. Halikuwa lile gari kubwa la mizigo tulionalo katika baadhi ya picha. Aghalabu lilikuwa gari la kawaida la shambani, lenye urefu wa meta 3 na upana wa meta 1.2 hivi, na mzigo uliofaa kwa safari ndefu ulikuwa kama tani moja. Toeni 880 katika 1,000. Zimebaki kilo 120, nazo ni za plau, shoka, sufuria, pipa la maji, matandiko, ekseli ya akiba, na mbegu za msimu wa kwanza. Baba akae wapi? Bibi akae wapi? Watoto wa darasa la sita watajibu wenyewe kwamba hakuna nafasi, na kwamba kila kilo ya mtu aliyepanda ni kilo inayomchosha maksai. Basi waliopanda walikuwa wagonjwa na watoto wadogo mno, na wengine wote wakatembea. Hawakutembea kwa sababu ya ukakamavu. Walitembea kwa sababu ya unga.

Angalieni yaliyotokea. Darasa limefanya hesabu ya kujumlisha na kutoa, limegusa jiografia na maarifa ya nyumbani, na juu ya yote limejifunza kwamba mambo ya watu yana sababu, nazo sababu hizo aghalabu hupimika. Mtoto aliyejibiwa kwa sifa hana la kuuliza tena. Mtoto aliyejibiwa kwa mizani ana maswali kumi: unga ukilowa mtoni? Maksai mmoja akifa? Na ndivyo ilivyokuwa kwa kweli: wengi walipakia kupita kiasi, na majiko ya chuma, makasha, hata nyama yenyewe vikatupwa kando ya njia maksai walipoanza kudhoofu.

Mizani ya majira

Gari la maksai lilikwenda kama kilometa 24 kwa siku. Gawanyeni 3,200 kwa 24. Mtapata siku 133, yaani miezi minne na zaidi. Ongezeni siku za kupumzika, za kungoja mto upungue, za kutengeneza magurudumu na za kuzika wafu. Safari ikawa ya miezi mitano au sita.

Hapo ndipo kalenda inapoingia. Majani ndiyo yaliyokuwa mafuta ya gari lile. Msafiri akiondoka kabla ya mwisho wa Aprili, nyanda bado hazijaota majani na wanyama watakufa njaa. Akichelewa sana baada ya Mei, atakuta majani yamekwisha kuliwa na waliotangulia, na theluji ya Oktoba na Novemba itamfungia njia milimani. Mlango wa safari ulikuwa wazi kwa wiki chache tu. Watoto wanaotoka katika familia za wakulima wataelewa upesi kuliko mwalimu mwenyewe, kwani wanajua maana ya kuchelewa kupanda.

Mfano wa kufundishia jambo hili upo, nao ni wa huzuni. Katika kitabu chake Hastings alitaja pia njia ya mkato iliyopita kusini ya Ziwa la Chumvi. Safari ya Oregon alikuwa ameifanya mwenyewe mwaka 1842, hivyo juu ya unga aliandika alichokipima. Lakini alipoandika juu ya mkato alikuwa hajaupita, aliandika alichokidhani. Aliupita kwa mara ya kwanza katika masika ya mwaka 1846, bila gari lolote, akitoka magharibi. Mmoja wa waliofuatana naye, mzee wa milimani James Clyman, alipofika Fort Laramie alikutana na kundi la akina Donner na Reed, akawasihi wafuate njia ya zamani. Hawakumsikiliza. Mwishoni mwa Julai waliiacha njia iliyojulikana. Walipoteza wiki nyingi wakifyeka njia milimani, kisha wakaingia jangwa la chumvi waliloambiwa lina maili 40, kumbe lilikuwa karibu maili 80. Walipoifikia milima ya Sierra Nevada, mwanzoni mwa Novemba, theluji ilikuwa imewatangulia. Wa kwanza kuwaokoa walifika Februari mwaka 1847. Katika watu 87 wa kundi hilo, karibu nusu walikufa. Na baadhi ya waliosalia waliishi kwa kula miili ya waliokufa. Jambo hili la mwisho mwalimu alipime kwa umri wa darasa lake. Kwa watoto wadogo inatosha kusema kwamba walikufa kwa baridi na njaa.

Funzo lenyewe lasomeka wazi. Kitabu kilichosema kweli juu ya unga ndicho kilichokosea juu ya njia, na karatasi ilikuwa ile ile, herufi zile zile. Nanyi wanachuo ambao kesho mtasimama mbele ya watoto mkiwa na kiongozi cha mwalimu mkononi, jizoezeni kuuliza kila ukurasa: mwandishi alilipima hili, au alilidhani?

Ni nini kilichowaua?

Mwalimu akiwauliza watoto ni nini kilichowaua wasafiri, darasa zima litajibu kwa sauti moja: mishale. Hili ndilo gugu kubwa kuliko yote, na ni mizani pekee iwezayo kuling'oa. Mwanahistoria John D. Unruh, ambaye kitabu chake juu ya njia hizi kilichapishwa mwaka 1979, alihesabu kwamba katika miaka ya 1840 hadi 1860 wasafiri 362 waliuawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliuawa na wasafiri. Wote waliokufa njiani katika muda huo wanakisiwa kufikia 10,000. Watoto wakokotoe: katika kila vifo mia vya wasafiri, havifiki vinne vilivyotokana na mapigano hayo. Waliobaki wengi wao waliuawa na maradhi, kipindupindu kikiwa mbele, hasa tangu mwaka 1849 hadi mwaka 1852. Wengine walizama mitoni, wengine walijipiga risasi kwa bahati mbaya, na watoto walianguka chini ya magurudumu. Hata lile duara la magari lilikuwa, siku nyingi, zizi la kuwazuia ng'ombe wasitawanyike usiku.

Lakini kipindupindu hakikumwuliza mtu kabila lake. Kilitoka mtoni kwa maji yaliyochafuliwa kambini, kikaingia katika vijiji vya wenyeji, na mwaka 1849 kikawaua watu wengi sana wa kabila la Cheyenne. Wao hawakuwa na safari yoyote. Safari ndiyo iliyowajia.

Mchezo wa walimu wanafunzi

Liko jambo ambalo litawafurahisha wanachuo. Mwaka 1971, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, kijana aitwaye Don Rawitsch alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kama ninyi. Alipewa darasa la nane, na mada ilikuwa hii hii. Akachora njia juu ya karatasi kubwa, akatengeneza kadi za misukosuko ya safari, akatafuta dadu. Wenzake wawili aliokaa nao nyumba moja, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, waliokuwa wakijiandaa kufundisha hisabati, wakapendekeza mchezo huo utiwe katika kompyuta. Kwa muda wa wiki mbili hivi ukawa tayari, na mwezi Desemba watoto wakaucheza. Hapakuwa na kioo cha picha. Palikuwa na mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa simu, nayo ilichapa habari za safari juu ya karatasi. Miaka michache baadaye Rawitsch aliurekebisha kwa kusoma shajara za wasafiri, ili misukosuko itokee kwa kadiri ilivyotokea kweli. Mchezo huo ukaenea katika shule nyingi za nchi ile, na jina la njia ya Oregon likawa maarufu kwa watoto ambao pengine wasingelisikia kamwe.

Tunautaja kwa sababu mbili. Kwanza, wazo lake halikuhitaji mashine. Lilikwisha kukamilika juu ya karatasi kabla ya kompyuta kuingia: mtoto apewe mzigo, apewe kalenda, aamue, na aone matokeo ya uamuzi wake. Hilo lawezekana katika shule yoyote yenye chaki na sakafu. Chora njia sakafuni, igawe vituo kumi. Gawa darasa katika makundi ya watu watano watano; kila kundi lina gari lenye nafasi ya kilo 1,000, na kila punje ya maharage ni kilo 10. Kila mzunguko ni siku 14, yaani kilometa 336 barabara ikiwa njema. Tengeneza kadi: mto umefurika, ekseli imevunjika, kipindupindu kimeingia kambini, mmewakuta watu wa Shoshone wakiuza samaki kwenye mto Snake. Kadi ya mwisho hiyo ni ya kweli. Samaki wa wenyeji waliwaokoa wasafiri wengi waliokwisha kula unga wao.

Sababu ya pili ni kasoro yake. Katika mchezo ule mtoto alikaa daima juu ya kiti cha msafiri. Wenyeji walikuwa hatari au msaada wa njiani. Hawakuwa watu wenye kwao. Imechukua muda mrefu kulirekebisha hilo. Toleo lililotolewa mwaka 2021 lilitengenezwa kwa kuwashauri wanahistoria ambao wao wenyewe ni wenyeji wa asili. Sisi tusingoje miaka hamsini. Tubadilishe viti katika kipindi kinachofuata.

Kubadilisha viti

Katika kipindi cha pili kundi moja liondoke njiani, likae kando ya mto Platte. Hao ndio Walakota. Wapeni punje 100 za mahindi, ziwe ndizo majani, kuni na nyati wa mbuga zao. Kila gari linalopita lichukue punje tano: maksai lazima wale, na watu lazima wapike. Gari la kwanza likipita, kundi halitaona tofauti. Pengine watauza kitu na kufurahi. Gari la kumi likipita, nusu imekwisha. Likipita la ishirini, hakuna punje, na hakuna hata mmoja wa wasafiri aliyekusudia ubaya. Kisha mwulize mtoto mmoja wa kundi lile, "Mtafanya nini?" Nyamaza, usimsaidie. Jibu lake litazidi maelezo yote ya kitabu.

Hapo ndipo mwalimu aweza kusimulia habari ya ng'ombe mmoja. Mwaka 1851, karibu na Fort Laramie, makabila ya nyanda yalifanya mapatano na serikali ya Marekani: njia iruhusiwe, nao walipwe bidhaa kila mwaka. Agosti mwaka 1854 ng'ombe wa msafiri mmoja alipotea akaingia kambi ya Walakota, na mtu mmoja akamchinja. Mkuu wao, ambaye jina lake kwa Kiingereza ni Conquering Bear, alikubali kulipa fidia, akatoa farasi. Fidia ilikataliwa. Luteni kijana, Grattan, akaenda na askari 29 na mizinga miwili kumkamata aliyechinja. Risasi zikafyatuliwa, mkuu akajeruhiwa jeraha la kufa, na askari wote wakaangamia. Mwaka uliofuata, Septemba 1855, jeshi lilishambulia kambi ya Walakota katika kijito cha Blue Water, likaua watu zaidi ya 80, wanawake na watoto wakiwamo. Watoto wetu wengi wanajua mashauri ya mifugo yanavyosuluhishwa na wazee. Waulizeni: shauri hili lingeweza kwishia wapi, na nani alilizuia lisiishe?

Yafaa pia mwalimu aache jina la "Wahindi Wekundu" alilolikuta katika vitabu vya zamani. Ni jina lililotokana na kosa la baharia aliyedhani amefika India. Watu wale wana majina yao: Lakota, Pawnee, Cheyenne, Shoshone, Cayuse. Mtu asiyetajwa kwa jina ni rahisi kusahauliwa kwamba alikuwapo.

Njia ilikuwa wazi, ardhi je?

Bado kuna mizani moja: sheria. Mwaka 1844 mtu mweusi aitwaye George Washington Bush, mkulima mwenye mali, alisafiri njia ya Oregon pamoja na mke wake, watoto wao na familia za marafiki. Maksai wake walikwenda mwendo ule ule wa wengine, na mito ilimtisha sawa na wengine. Lakini mwaka huo huo serikali ya muda ya Oregon ilipitisha sheria ya kuwakataza watu weusi wasikae nchini humo. Bush na wenzake wakavuka kwenda kaskazini ya mto Columbia, ambako sheria hiyo haikuwa na nguvu, wakafanya makazi yao huko. Sheria ya ardhi ya mwaka 1850 iliwagawia ekari 320 wanaume wa Kizungu waliofika mapema, na ekari 640 kwa mume na mke, Bush hakuwamo. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria maalumu mwaka 1855 ili shamba alilolima miaka kumi liwe lake. Katazo dhidi ya watu weusi liliondolewa katika katiba ya Oregon mwaka 1926.

Ardhi iliyokuwa ikigawanywa ilikuwa ya watu wengine, na hata hivyo aliyesafiri sawa na wenzake hakupewa sawa nao. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, mradi mwalimu asimharakishe.

Tahadhari mbili

Tahadhari ya kwanza: mwalimu asigeuze somo kuwa mahubiri. Akimwondoa msafiri katika kiti cha shujaa na kumweka katika kiti cha shetani, hajafundisha historia. Amebadilisha filamu tu. Wengi wa wasafiri walikuwa wakulima waliobanwa na madeni baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1837, au waliochoshwa na homa za mabonde ya Missouri na Mississippi. Akina mama walizika watoto wao katikati ya njia yenyewe, kisha magari yakapitishwa juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasiligundue, na asubuhi safari ikaendelea. Mtoto aliyehesabu punje za Walakota alie pia kwa ajili ya mama huyo. Huruma yake kwa huyu haipunguzi haki ya yule.

Tahadhari ya pili ni ya wakati. Wakaguzi watasema, na wana haki, kwamba mada kama hii haiwezi kumeza muhula. Tunapendekeza vipindi vitatu tu: kimoja cha mizani, kimoja cha mchezo, kimoja cha kubadilisha viti. Darasa la tatu na la nne waishie kwenye mzigo wa gari. Madarasa ya juu yaendelee hadi sheria. Majina ya ngome na vito vyote, ambayo tumezoea kuyakaririsha, yaachwe bila majuto. Hatujamwona mtoto aliyepata busara kwa kukariri jina la ngome.

Hitimisho

Karibu na Guernsey katika jimbo la Wyoming uko mwamba wa mchanga ambamo magurudumu ya magari yamechimba mfereji wenye kina kinachofikia meta moja na nusu mahali pengine. Hakuna gari moja lililochimba mfereji ule. Kila moja lilikwangua kidogo, kisha likaenda zake, na mwenye gari hakuona kwamba ameacha alama.

Ndugu wanachuo, kazi yetu nayo iko hivyo. Jibu moja la haraka kwa mtoto aliyeuliza kwa nini watu hawakupanda gari lao halionekani kuwa kitu. Lakini majibu ya namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, darasa baada ya darasa, huchimba mfereji ambamo fikira za mtoto zitapita maisha yake yote. Safari ijayo mtoto akinyosha mkono, msimpe sifa. Mpeni chaki, mwambieni aje ubaoni, ajumlishe unga.